Msumari wa Picha

Jumatatu asubuhi mke wa mwanangu aliburuta godoro langu hadi uani, akaliegemeza ukutani, doa likitazama kwa majirani.

"Mama karudi utotoni," akatangaza. "Anakojoa kitandani!"

Wajukuu wakaangua kicheko. Kufikia mchana nilikwisha kuwa Bibi Mfereji.

Mwanangu hakuniangalia usoni. "Mama, Jumamosi tutakuhamishia stoo. Kule ni rahisi kupiga deki."

Stoo haina dirisha. Nikajibu, "Haya," nikanyamaza. Mdomo ukichemka, macho hayaoni.

Mkojo wangu naujua. Hauna tabia ya kupanda ukuta, na unyevu wa ukuta ulio kando ya kitanda changu ulikuwa umenifika kiunoni. Walipotoka wote nikafunga koki zote za nyumba, nikabeba kigoda changu hadi kwenye mita ya maji. Kigurudumu chekundu kilikuwa kikizunguka, polepole, kama mtu anayekwenda asikotaka. Nikakaa nacho saa nzima. Hakikusimama.

Kesho yake nikamwita fundi bomba. Akagongagonga, akabomoa plasta juu ya mto wangu. Bomba la shaba likajitokeza, limeota ukoga wa kijani, na ubavuni limechomwa na msumari. Tone linatoka, linapumzika, linatoka jingine.

"Nani kapigilia msumari upande wa pili?" fundi akauliza.

Upande wa pili ni sebule. Hapo imening'inia ile picha kubwa ya harusi, aliyoitundika mkwe wangu mwenyewe mwezi uliopita, hataki kungoja mtu.

"Na msumari ndio kizibo," fundi akasema. "Ungeuchomoa, mngeogelea."

Mkwe akafyonza. "Bomba nalo linapitaje hapo?"

"Mkojo wa nani huo?" nikamuuliza mkwe.



Fundi akafunga maji, akakata kipande kibovu, akaunga kipya kwa lehemu. Kile cha zamani, na msumari wake, nimekiweka dirishani kwangu.

"Basi nilirudishe hilo godoro," mkwe akanuna.

"Subiri jioni, majirani warudi. Ulibebe doa likiwa nje, na useme neno moja tu: bomba. Kwa sauti ile ile ya jana."

Jioni akalibeba, shingo imekakamaa. Alipofika katikati ya ua akanong'ona, "Bomba."

Nikamwambia sikusikia.