Hatua Mia Moja na Mbili kwa Dakika

Chumba cha fundi wa simu kilikuwa chini ya ngazi, kati ya choo cha wageni na kabati la mifagio. Ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili, nyaya za chaji zilizofungwa kwa utepe, na kikombe kisicho na mkono ambamo fundi aliweka pini za kutolea laini. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi foleni ilikuwa imeshafika mlango mkubwa. Wote walikuwa wahudumu wa kampuni, watu wa kuzunguka majumbani kuosha wagonjwa, kuwapa dawa na kuwabadilishia mashuka. Kila mmoja alishika simu yake, aliyoinunua mwenyewe. Kampuni ilikuwa imetangaza kwamba ikifika Ijumaa saa kumi na moja jioni, kila simu iwe na programu ya kampuni. Asiye nayo hatapangiwa zamu.

Simu zilikataa. Mtu akijaribu kuiweka ile programu, kioo kiligeuka chekundu, kikaandika: Programu hii imezuiwa. Inaweza kukudhuru. Kazi ya fundi wiki hiyo ilikuwa kuondoa kizuizi hicho. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, ametoka chuoni mwaka uliopita, mpole kiasi cha kubisha hodi kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe. Mwongozo aliopewa ulikuwa na hatua tatu: fungua mipangilio, zima ulinzi, bonyeza "Endelea hata hivyo".

Alipobonyeza kwenye simu ya kwanza, mlinzi aliyekuwa ndani yake alitoka. Alitoka kama mtu anavyotoka kwenye gari dogo, kichwa kwanza, kisha bega, kisha mguu. Akajinyoosha mgongo, akachukua kigoda chake na tochi yake. Mwenye simu alisogeza mkoba ili apite.

"Shikamoo," fundi alisema, kwa kuwa mlinzi alikuwa mtu mzima.

"Marahaba, binti. Nikae wapi?"

Fundi alimwonyesha korido. Kufikia saa sita walikuwa arobaini na mmoja, wamekaa upande mmoja wa ukuta, magoti wameyakunja watu wapate njia. Waliotoka kwenye simu mpya walikuwa vijana wenye viatu vya kung'aa. Waliotoka kwenye simu za zamani walikohoa. Karani wa zamu, mwanamke mwenye maneno ambaye kila mtu alimwita Mama Zamu, aliwaandika kwenye daftari la wageni. Kwenye safu ya "Umekuja kumwona nani" alikosa la kuandika, akaandika "Katoka tu".

"Hawa wanakunywa chai?" meneja aliuliza alipokuwa akipita.

"Hawanywi," Mama Zamu alisema.

"Basi hawana neno. Wasizibe tu mlango wa dharura."

Fundi aliongeza hatua moja ambayo haikuwa kwenye mwongozo. Kabla ya kubonyeza, aliinamia simu na kumwomba mlinzi radhi. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Ilimchukua sekunde nne kwa kila simu, naye alizifidia kwa kutokwenda chooni.

Mama yake mdogo alikuja Jumatano. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, fundi akiwa darasa la tatu, na mpaka leo waliishi pamoja. Kazini hawakuonyeshana undugu. Mama mdogo alipanga foleni kama wengine, akangoja saa nzima, akaweka simu mezani. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona.

Fundi aliomba radhi, akabonyeza. Hakutoka mtu. Akabonyeza tena, kisha akatazama ndani. Mlinzi alikuwa mfupi, amevaa koti linalomzidi, kiatu kimoja kimetoboka. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu ameinyoosha kuziba njia. Kwenye ule ufa wa kioo alikuwa amesokomeza kipande cha gazeti kuzuia upepo.

"Sitoki," alisema.

"Baba, tafadhali."

"Umesoma inachotaka?"

Fundi alikuwa ameshabonyeza "Nakubali" mara mia moja na sitini, lakini hakuwa amesoma. Mlinzi akamsomea, taratibu, kama mtu anayemsomea jirani barua yake. Programu ilitaka kujua simu iko wapi kila dakika. Ilitaka kujua kama inatembea au imesimama, na ikisimama, imesimama kwa nani.

"Na kila siku saa sita na nusu mama huyu husimama," mlinzi alisema.

"Mwambie anyamaze," mama mdogo alisema, huku akitazama ukutani.

"Dada fundi, umesinzia huko?" mtu aliuliza kwenye foleni. Mama mdogo alichukua simu yake, akaitia mfukoni na mlinzi wake ndani, akaenda zake.

Jioni, walipokuwa wakikunja sare zilizokauka, alieleza. Kati ya mgonjwa wake wa nne na wa tano kulikuwa na jengo refu, na kwenye ghorofa ya tatu aliishi mwalimu mstaafu, mwanamke ambaye macho yalikuwa yameisha na miguu imegoma. Zamani alikuwa kwenye orodha ya wagonjwa wa kampuni. Miezi minne iliyopita mfumo wa kompyuta ulimwondoa, ukaandika kwamba hali yake imetengemaa.

"Ilikuwa imetengemaa kweli?" fundi aliuliza.

"Ilitengemaa kwa sababu nilikuwa namgeuza."

Tangu hapo alikuwa akimpitia kwa dakika kumi na moja. Alimgeuza, akampa maji, akamnyooshea shuka, akaondoka. Dakika hizo alizipata kwa kutokula mchana.

"Hana mtu?"

"Ana mtoto, yuko mbali. Hupiga simu Jumapili kwa jirani."

"Na asipogeuzwa?"

Mama mdogo alilainisha kola ya sare kwa kiganja. "Mgongo unafunguka, mwanangu. Ukishafunguka haufungi."

Alhamisi fundi alipanda kwa meneja. Sentensi yake alikuwa ameifanyia mazoezi mara nne kwenye ngazi, lakini mlangoni ilimtoka nusu tu. Alisema kuna mgonjwa ameondolewa kimakosa. Meneja alimkaribisha kiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha za wanawe mezani na alijua majina ya wahudumu wote.

"Si mimi niliyemwondoa," alisema. "Ni mfumo."

"Anaweza kurudishwa?"

"Kwa nini asiweze? Anaingia kwenye programu, anaomba."

"Hana simu. Na haoni."

Meneja alifikiri kwa dhati, kalamu mdomoni. "Basi kuna sehemu ya kuomba kwa sauti," alisema. "Iko kwenye programu."

Ijumaa saa kumi na dakika arobaini foleni ilikuwa imekwisha. Mama mdogo alikuja na sare yake, ameshika mfuko wa glavu. Aliketi, akaweka simu mezani, akaiinamia mwenyewe.

"Toka, kaka yangu," alisema.

"Nikitoka sirudi," mlinzi alisema.

"Najua."

"Na saa sita na nusu?"

"Zamu nikikosa, hata kwa wagonjwa wengine sitapita. Toka."

Mlinzi alichomoa kile kipande cha gazeti, akakikunja, akakitia mfukoni. Akaokota kigoda. Alitoka kwa shida, koti lilinasa, na fundi alimshika mkono. Programu iliingia kwa sekunde tisa. Kwenye kompyuta jina la mama mdogo, la mwisho kwenye orodha, likageuka kijani. Fundi aliandika kwenye taarifa yake: "Vizuizi vyote vimeondolewa." Saa kumi na moja korido ilikuwa tupu. Kila mlinzi alikuwa amemfuata mtu wake nyumbani, hatua mbili nyuma.

Wiki iliyofuata mama mdogo alimpitia mwalimu Jumatatu. Saa nane simu ilimwandikia: Umesimama dakika kumi na moja mahali pasipo kwenye ratiba. Hili ni onyo la kwanza. Jumanne alitumia dakika saba, akapata onyo la pili. La tatu lingekuwa barua ya kuachishwa kazi. Hilo lilikuwa limeandikwa kwa wino mzito.

Jumatano asubuhi alikaa kitandani akivaa soksi. Alivaa moja, akaishika ya pili muda mrefu. Fundi alisimama mlangoni na mswaki mdomoni. Mlinzi alikuwa kwenye kigoda chake karibu na viatu, mahali alipokuwa akilala tangu Ijumaa.

"Nipe hiyo simu nikushikie," mlinzi alisema.

Mama mdogo aliiweka soksi gotini.

"Wewe unapanda juu, mimi natembea nayo chini. Kuzuia siwezi tena. Kushika naweza."

Mama mdogo alimtazama fundi. Fundi ndiye aliyekuwa na jukumu la kuripoti simu inayochezewa. Lilikuwa kwenye mkataba wake, ukurasa wa pili. Alikwenda kutema povu la mswaki, akarudi na kompyuta yake ya kazi, akafungua jina la mama yake mdogo.

"Unatembea hatua mia moja na mbili kwa dakika," alisema. "Na mguu wa kushoto unauvuta kidogo."

"Nani kasema nauvuta?"

"Mfumo."

"Mfumo ukome," mama mdogo alisema, akavaa soksi ya pili.

Walifanya mazoezi ukumbini kabla ya kwenda kazini. Mlinzi alishika simu kiunoni, akaenda na kurudi kati ya meza na mlango, na fundi akahesabu. Mwanzoni alikwenda mia na kumi na nane. Alikuwa na mwendo wa mtu wa doria. Mama mdogo alimwambia afikirie goti linalouma. Mara ya tano akapatia. Mchana huo hakukuja onyo, wala kesho yake.

Fundi hakumwambia mtu, na mama mdogo vilevile. Lakini wiki ya pili mhudumu mmoja mnene, mpenda utani, alikuja chini ya ngazi akafunga mlango nyuma yake. Alisema ana mzee wake mmoja aliyetolewa kwenye orodha, humnyoa ndevu na kumkata kucha. Baada yake alikuja mwingine, ambaye alikuwa na mapacha wasioweza kumeza. Kumbe karibu kila mmoja alikuwa na wake. Fundi aliwapokea mmoja mmoja, akawapimia mwendo, na walinzi wao wakafanya mazoezi koridoni. Yule wa mhudumu mnene alipewa begi la mchanga abebe kwanza, ili ajifunze kuhema.

"Umekuwa mwalimu wa gwaride siku hizi," Mama Zamu alimwambia.

Fundi aliona haya, akatazama kikombe chake cha pini.

Mchana, kuanzia saa sita hadi saa nane, barabara za karibu na majengo marefu zilikuwa na walinzi wakitembea polepole, kila mmoja na simu kiunoni. Wenye maduka walizoea kuwapisha. Walipopishana walisalimiana kwa kuinua tochi, bila kusimama, kwa sababu kusimama kungeandikwa.

Mwisho wa mwezi wa tatu tangu programu iingie, meneja aliwaita wahudumu wote kwenye ukumbi wa mikutano. Alikuwa na furaha. Ukutani aliwasha picha ya ramani, na juu ya ramani mistari mia mbili ya kijani, minyoofu, isiyokatika.

"Tazameni," alisema. "Mwanzoni maonyo yalikuwa thelathini kwa siku. Sasa hakuna hata moja. Hakuna mtu anayesimama nje ya ratiba. Hii ina maana gani?"

Aligonga ramani kwa kidole.

"Ina maana ratiba inatosha. Nje ya ratiba hakuna anayetuhitaji."

Kwa hiyo, alieleza, mfumo umepata nafasi ya kupumua. Umeondoa nyumba nyingine thelathini na moja ambazo hali imetengemaa, na dakika za kila nyumba zimeshuka kutoka ishirini na tano hadi ishirini. Aliwashukuru wahudumu kwa nidhamu. Alimshukuru pia fundi, akamwomba asimame ili wamwone. Fundi alisimama. Wahudumu walipiga makofi, kwanza wachache, kisha wote, na mama mdogo alipiga pamoja nao, akimtazama binti yake, kwa sababu lilikuwa jambo la kwanza zuri kusemwa juu yake mbele za watu.

Siku iliyofuata mama mdogo alikuwa na watatu nje ya orodha badala ya mmoja. Alimkabidhi mlinzi simu chini ya jengo refu. Mlinzi aliangalia kiatu chake kilichotoboka, akakaza kamba, akaanza kwenda. Mama mdogo alipanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, akafungua kwa ufunguo uliokuwa chini ya ndoo.

Mwalimu alikuwa amelala akitazama dari asiyoiona. Dirisha lilikuwa wazi.

"Kuna mtu huko chini anatembea kama wewe," alisema. "Namsikia kila siku. Nani huyo?"

"Ni mimi," mama mdogo alisema.

Mwalimu alisikiliza kidogo, hatua zikija na kurudi barabarani, ule mguu wa kushoto ukiburuta.

"Umechoka," alisema. "Haya, nigeuze."

Mama mdogo alivaa glavu, akaweka mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akamgeuzia upande wa dirisha. Zamani alikuwa na dakika kumi na moja. Sasa, akigawia watatu, zilikuwa nne.