Mshale Uliogoma

Zena binti Hilali alikuwa ameshautangazia mji mzima wa Kasulu kwamba yeye ndiye atakayekuwa opereta wa redio ya upepo katika ofisi ya afya. Sokoni walijua, kisimani walijua, hata wateja wa baba yake waliofuata mafuta ya taa dukani walipewa habari hiyo kabla ya chenji. Hakuwa mtu wa kunong'ona, na sioni kwa nini angenong'ona: darasa la saba alimaliza vizuri, na sauti anayo.

Mtambo ulikaa stoo masika yote chini ya ulinzi wake. Leo fundi Tharsisi alikuwa amepanda kutoka Kigoma kuja kuufunga, ili Kasulu izungumze na Kibondo, nao ukagoma. Taa iliwaka, lakini mshale wa kipimo chake haukuinuka wala Kibondo haikusikika. Tharsisi alipima betri, akaikuta nzima. Alishusha eriali, akakaza nyaya zake, akaipandisha tena. Mshale ukabaki umelala.

"Mtambo hauoni kristali zake," akasema. "Ni vijiwe vya humo ndani, ndivyo vinavyouonyesha njia ya kwenda Kibondo. Bila hivyo ni sanduku la taa tu. Na ndani mimi sifungui, Bi Zena, hiyo ni kazi ya karakana. Lori lililonileta likiondoka jioni, linaondoka nao."

"Na mtambo utarudi lini?" Zena akauliza.

"Ukirudi. Kuna wilaya nyingine zinaulilia."

Mtambo ukienda, kazi imekwenda, naye Zena atarudi kupima mafuta ya taa huku soko zima likimdhihaki. Lakini lililomtisha zaidi ni lile neno, ndani. Ndani alikuwa ameshaingia yeye. Mvua zilipochachamaa aliogopa kutu, akafungua mgongo wa mtambo kwa bisibisi ya baba yake, akachomoa vile vijiwe na kuvipaka mawese kwenye miguu yake ya chuma, kama baba anavyopaka kufuli, mikasi na minyororo ya baiskeli kila masika. Siku ile alijisifu sana moyoni.

Angeweza kunyamaza, na huko karakana wangemlaumu aliyeuunda. Lakini nafsi ikamsuta.

"Ndugu fundi, fungua. Nimepaka mawese."

Tharsisi akamkodolea macho. "Mawese? Ya kupikia?"

"Ya kupikia. Na ni mazuri, masafi kabisa."

"Dada, kwetu ziwani mawese ni maji. Huku kwenu kwenye baridi yanaganda! Umeme utapita wapi?" Akacheka kwa hasira.

Zena hakungoja amalize kucheka. Alikwenda chumba cha vidonda akaleta spiriti na pamba, kisha akashika bisibisi mwenyewe. Miguu ya kristali ilikuwa imeshika ukoko wa rangi ya machungwa. Aliifuta mmoja mmoja, akasugua pia matundu inamochomekwa kwa pamba iliyoviringishwa kwenye njiti ya kiberiti. Tharsisi, pamoja na kununa kwake, akajikuta anammulikia tochi.

Wakawasha. Mshale ukaruka.

"Kibondo, Kibondo, hapa Kasulu. Ovaa," fundi akaita, akaachia kitufe asikilize jibu.

"Ego, Kasulu!" Alikuwa Reverien, mganga msaidizi wa Kibondo, akiitikia ndiyo kwa Kiha. "Tumewangoja tangu asubuhi. Mlipatwa na nini? Ovaa."

"Kristali zilipakwa mawese. Ovaa."

Vicheko vya watu kadhaa vikatoka mtamboni, vikajaa chumbani. "Mawese? Nani huyo mwehu? Ovaa."

Zena akanyoosha mkono, akakichukua kipaza sauti.

"Ni mimi, Zena binti Hilali, opereta wa Kasulu. Mimi nimeyapaka na mimi nimeyafuta. Haya, Kibondo, leteni ujumbe wenu. Ovaa."

Fundi hakumnyang'anya. Kule Kibondo kicheko kikakatika, Reverien akakohoa, akaanza kutaja vijiji vinavyosubiri chanjo, Kumsenga kwanza, naye Zena akamwambia aende taratibu, anaandika.