Udongo wa Shemeji

Fundi alisimamia mtambo unaovuta maji ya ziwa na kuyapeleka mjini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho makali. Mwaka huo mwani ulitanda ziwani kama zulia, ukaziba machujio, na maji ya bomba yakanuka hata baada ya kutiwa dawa. Wakubwa wa idara wakatafuta mtu wa kulitibu ziwa. Walipomleta, Fundi aliguna. Mtu huyo alikuwa mume wa mdogo wake, yule ambaye ukoo mzima ulimwita Kinyonga kwa jinsi alivyobadilisha kazi.

Kinyonga alikuja na boti na magunia tele. Alikoroga unga wake kwenye pipa, akawa anaunyunyiza ziwani kwa mpira huku akipiga mluzi. Alipokwenda kula, Fundi alichota konzi moja ya unga huo, akailowesha kiganjani. Ikawa tope. Akainusa. Udongo mtupu.

Jioni akatua kwa mdogo wake. Kinyonga hakukana kwamba ni udongo. Alieleza kwa upole kwamba mwani hula mbolea iliyomo majini, na udongo ule wa kiwandani huinasa mbolea hiyo na kuzama nayo. Mkewe, aliyekuwa akimenya viazi, alisema dada yake angemshuku hata malaika akija bila kitambulisho.

Kweli ziwa likatakata. Watu wakamsifu Kinyonga. Fundi aliendelea kulichungulia ziwa, maana wasiwasi ndiyo akili. Baada ya mvua ukijani ulirudi, tena kwenye ghuba moja tu, nyuma ya matete. Ajabu, Kinyonga alikuwa ameshapeleka magunia huko kabla hajaambiwa na mtu.

Fundi akachukua boti mwenyewe. Ndani ya matete alikuta bomba nene likitapika maji meusi yenye harufu ya samadi. Akashuka, akalifuata kwa miguu. Lilitoka kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa la kaka yake, aliyewalea yeye na mdogo wake tangu wazazi walipofariki.

Aliporudi, Kinyonga alikuwa gatini.

“Ulijua,” Fundi akasema.

“Nilijua. Tangu nilipoanza kupima maji.”

“Na ukanyamaza.”

“Shemeji, mimi hapo ni ukweni. Ningeanzaje kumchongea kaka yenu?”

Fundi alimtazama. Huenda ilikuwa heshima. Huenda pia ilikuwa ujanja, maana ziwa linalougua kila msimu humpa mganga wake kazi kila msimu. Uso wa Kinyonga haukusema kitu.

Fundi akaenda kwa kaka yake. Kaka alifoka kwamba ng'ombe hawakuanza kunya jana. Fundi alimjibu kwamba achimbe shimo la samadi, la sivyo angewaleta wakubwa wake waone lile bomba.

“Nimekulea mwenyewe,” kaka akasema. “Nitamlaumu nani?”

Shimo likachimbwa, bomba likazibwa. Kwa muda mrefu kaka hakumsemesha.

Katika mvua zilizofuata, ziwa halikubadilika rangi, na idara haikumhitaji Kinyonga tena. Siku ya kupakia magunia yaliyobaki, aliaga kwa adabu. Fundi alimshikia kamba ya boti, akitafuta usoni mwake dalili ya kinyongo au ya faraja. Hakuona hata moja.

Mdogo wake alipompigia kuuliza kama sasa anamwamini mumewe, Fundi alijibu kwamba maji ni safi.