Mara Ishirini na Tano Bila Moja

Mfupa wa kiboko ndio ulioniponza. Dada wa mke wangu, Kunegunda wa Maposeni, aliteleza kisimani akavunjika mguu, na mke wangu Lidwina akaenda kumuuguza. Mimi nikabaki Mjimwema na kuku wawili na mdomo wangu. Siku ya jumuiya watu wakaniuliza hali ya mgonjwa. Ningesema "anaendelea vizuri" yangekwisha. Nikasema madaktari wamemtia mfupa wa kiboko wa mto Ruvuma, na sasa mvua ikianza kunyesha anainuka mwenyewe kuelekea bondeni kula majani.

Habari zikasambaa, na Jumapili iliyofuata bodaboda nne zilitoka hadi kijiji cha Mpitimbi kwenda Maposeni kuutazama huo mguu. Abiria mmoja alimbebea mgonjwa fungu la majani mabichi.

Shemeji alilia kwa aibu. Lidwina akanipigia. "Baba Noela, dada akipona mimi sirudi. Nimechoka kuishi na mwongo." Akakata. Ilikuwa Novemba, mvua za kwanza.

Ikaingia Februari. Shemeji akawa anatembea mwenyewe hadi kanisani, na Lidwina hakurudi. Nilikuwa bado nasonga ugali wa watu wawili. Kanga yake niliiacha kwenye kamba, mvua ikainyeshea, jua likaikausha, sikuiondoa.

Miaka thelathini na moja, kila baada ya chakula cha mchana, tulicheza ludo. Sasa nikawa nacheza peke yangu, zamu yangu na zamu yake, na kila namba naiandika kwenye daftari. Hesabu nilijifundisha kwenye kitabu cha kidato cha nne alichokiacha binti yetu Noela. Zamani niliamini kwamba dadu ikikaa muda mrefu bila kutoa sita, basi sita imeiva. Nikarusha mara mia sita, nikaona haiivi. Dadu haikumbuki ilichotoa. Kila ukiirusha inaanza upya. Mimi ndiye niliyekuwa nakumbuka. Kila nilipomrushia Lidwina zamu yake, nilimwona anavyoipulizia kwanza, kama chai ya moto.

Jumapili moja simu ikaita.

"Una ludo hapo?"

"Ninayo, mama Noela."

"Na mimi nimenunua yangu Peramiho. Tucheze. Ukinifunga, nakuja Jumamosi. Nikikufunga, nabaki huku mpaka tuvune. Kila mtu anarusha kwake na anasema namba yake. Ila ukinidanganya nitakujua kwa sauti tu, na hapo usinitafute tena."

Nikaiweka simu spika. Jirani yangu Chande, Myao wa Tunduru anayeuza korosho, akavuta kigoda. Yule ni mtani wangu, hajawahi kunionea huruma.

"Leo Mngoni anapigwa kwa simu," akasema.

Na kweli nilipigwa. Nilitaja namba zangu zote kwa ukweli mtupu, hadi nikasikia mdomo mchungu. Lidwina akaingiza kete tatu, ya nne ikafika mlangoni. Alihitaji moja tu. Mimi kete zangu mbili zilikuwa bado zinazunguka huko nje.

"Nimepata nne," akasema. Haiingii.

Zamu iliyofuata, "Tatu." Kisha "Sita." Kisha "Tano."

Mimi nikawa nasogea, huku naandika. Kukosa moja katika mrusho mmoja ni nafasi tano kati ya sita, jambo la kawaida kabisa. Kukosa mara nne mfululizo ni chini kidogo ya nusu. Mara kumi, ni kama michezo kumi na sita kati ya mia. Lidwina akafika mara kumi, akapita. Akafika ishirini. Kete yangu ya tatu ikaingia.

"Mbili," akasema mara ya ishirini na tano, bila hata kuguna.

Nikafanya hesabu pembeni ya daftari. Mchezo mmoja kati ya mia. Ndipo nikagundua kwamba kwa zamu nyingi sijaisikia dadu ikigonga ubao kule Maposeni, wala pumzi ya kuipulizia.

Mke wangu, ambaye hata umri wake huutaja wote, alikuwa ananidanganya.

 Kete yangu ya mwisho nayo ilikuwa mlangoni, na mimi pia nilitaka moja. Nikarusha. "Tano," nikasema.

"Tatu," akajibu upesi.

Nikarusha. "Mbili."

"Sita."

"Nne."

Chande akaninong'oneza, "Si useme moja! Nani anakuona?"

"Mungu."

"Mungu mwenyewe amekuzoea."

Nikarusha tena. "Tano," nikasema.

 Lidwina akashusha pumzi ndefu. "Baba Noela. Uwongo wote ule wa viboko, halafu leo ndiyo umeokoka?"

Nikaichukua dadu. Nikaipulizia kama afanyavyo yeye, nikairusha kwa nguvu. Ikaruka ubao, ikagonga sakafu, ikapotelea chini ya kabati. Chande alitaka kuinama kuitazama. Nikamkanyaga mguu.

"Moja," nikasema.

"Una uhakika?"

"Moja, mama Noela. Kidoti chekundu kabisa."

Akacheka. Miezi mitatu sikuwa nimekisikia kicheko kile. "Haya, umenifunga. Jumamosi nisubiri stendi, nina debe la maharage. Na kabla ya yote umpigie dada, umwombe radhi, bila kiboko."

Dadu yangu bado iko chini ya kabati, sijainama. Tunachezea ile ya Peramiho. Mke wangu anaipulizia, anarusha, na mimi naandika. Hutoa moja kama dadu nyingine yoyote.