Ulimwengu Bapa wa Binti Pembe

Wanafunzi walimwita Wembe, na profesa mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko vyeo vyake vyote. Miaka sita iliyopita aliikataa tasnifu ya msichana mmoja, Binti Pembe kwa jina la utani, aliyeandika kuhusu ulimwengu bapa kama karatasi. Humo, alidai binti, kitu kizito hakivuti chochote. Kinaunyang'anya tu ulimwengu kipande, kama mkate wa duara uliokatwa kipande kuanzia katikati, halafu kingo mbili zinaungana. Wasafiri wawili wakikipita huku na huku, kila mmoja akinyoosha njia sambamba na mwenzake, mbele watakutana. Wembe hakumpa hata dakika ya kujieleza. Aliandika pembeni: "Havutwi mtu, wanakutanaje? Upuuzi." Binti akafunga virago.

Jana mkewe alimtuma kuhamishia mafuta ya kupikia kwenye chupa.

"Na usinimwagie, nimetoka kudeki sasa hivi!"

Faneli haikuonekana. Akachukua karatasi ya grafu, akaikunja iwe faneli, na kabla hajaikata ncha akaiona mistari miwili iliyokuwa sambamba. Ilipita pande mbili za ncha, ikakutana upande wa pili. Hakuna aliyeivuta. Dumu la mafuta alilolibana kwapani likamponyoka, mkewe akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake, na Wembe hakusikia hata neno.

Leo asubuhi aliulizia mpaka akafika kwenye duka la fotokopi. Binti alikuwa akijalidi tasnifu za watu wengine.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Binti yangu, ulikuwa sahihi. Mjinga nilikuwa mimi." Maneno hayo aliyakariri njia nzima. "Nastaafu mwisho wa mwezi. Rudi, niipitishe tasnifu yako kabla sijaondoka."

Alitaka jambo moja tu, binti akubali. Binti aliweka brashi ya gundi chini. Hakukasirika, na hilo lilimuuma Wembe kuliko matusi.

"Nilijua niko sahihi," alisema binti. "Ila wiki ile uliyonikatalia nilikuwa nimeona kinachofuata. Vitu vizito viwili vikizungukana. Jibu lote nilikuwa nalo kichwani, nasubiri tu unipitishe nianze kuandika."

"Basi liandike! Nitakusaidia."

"Nimeshakaa na kalamu mara ngapi sijui." Akamtazama kwa huruma, kama anayemfariji mfiwa. "Limeshatoka kichwani, Profesa. Siku hizi hata swali lenyewe silikumbuki vizuri."