Hamai na Mayungiyungi ya Mwaka Mpya

Asubuhi ya siku ya nane ya mwaka mpya wa Kichina, Bi Leung Suk-han alifungua duka lake la vyakula vikavu vya baharini huku moyo ukimdunda kwa furaha. Ilikuwa siku ya ngoma ya simba, ambapo watu wawili hucheza ndani ya vazi la simba wakipita duka hadi duka. Tangu alfajiri alikuwa amefagia, amepanga mitungi ya majongoo bahari, na kuning'iniza mlangoni fungu la saladi lenye bahasha nyekundu ya pesa, ili simba aje alile na kumfungulia mwaka wa heri.

Juu ya kaunta palikuwa na chombo cha mayungiyungi meupe yaliyonukia hadi barabarani. Yaliletwa na mpwa wake, Wai-yan.

"Shangazi, jina la ua hili kwa Kichina ni maelewano mia," alikuwa amesema. "Ukiliweka dukani, hata na wateja wakorofi mtapatana."

Kando ya chombo alijinyoosha Hamai, paka dume wa rangi ya chungwa aliyepewa jina la kamba wakavu kwa sababu ndio alioanza kuwaiba. Kwa miaka sita alikuwa akilala juu ya magunia na kuwakagua wateja kama afisa wa forodha.

Akaingia Bwana Pang, muuza chai wa duka la pili, na birika mkononi.

"Dada Han! Mwaka huu utatajirika mpaka utusahau!"

"Wewe nitakusahau hata nikibaki fukara."

Pang akacheka, akainama amkune Hamai kidevuni. Mkono ukasita hewani. "Huyu kapakaa nini puani? Mbona manjano?"

"Unga wa maua tu. Amekuwa akiyanusa tangu nifungue."

"Mtoe hapo! Paka wa binti yangu alikufa kwa maua haya haya. Siku tatu, figo zikagoma."

"Acha uzushi, Pang. Si ndiyo haya matunguu yake ya mizizini, makavu, ninayouza hapo guniani? Bibi yangu aliyapika supu ya kutibu kifua, akafika miaka tisini na nne."

"Bibi yako alikuwa paka?"

Suk-han alifungua kinywa amjibu, na papo hapo macho yakatua kwenye jani moja la yungiyungi. Ncha yake haikuwepo. Palipokatika palikuwa na vitundu vidogo vya meno.

Akanyoosha mikono amkamate, lakini huko nje ngoma ikalipuka, dum-dum-dum, na matoazi juu yake. Hamai akaruka kama mshale, akapita mlangoni, akaingia moja kwa moja chini ya kitambaa cha simba.

"Mama yangu!" ikatoka sauti kwenye makalio ya simba. Alikuwa Bwana Fung, muuza nyama, jitu la kilo mia. "Kuna kitu kinanipanda mguu!"

Simba akajinyonganyonga, akapiga teke, akazunguka mara tatu. Watu wakapiga makofi. Walidhani ni mtindo mpya. Suk-han hakungoja. Alipiga magoti, akazama chini ya kitambaa kichwa mbele.

"Usimkanyage Hamai! Fung, simama kama nguzo!"

Akatoka nywele zimevurugika, akiwa amemshika Hamai kwa ngozi ya shingo. Pang alikuwa ameshaleta mkokoteni na kreti ya mbao. Wakamtia ndani, Suk-han akamfunga taulo asijirambe.

"Mnakimbilia wapi?" akauliza mwanamke aliyepiga ngoma.

"Kwa daktari! Amekula sumu!"

"Basi tutawafungulia njia!"

Mtaa mzima wa Sheung Wan uliona ajabu siku ile: simba mbele, ngoma inavuma, nyuma yake mkokoteni unasukumwa na muuza chai, na Suk-han kando akipaza sauti, "Pisheni! Pisheni jamani!" Lori lililokuwa likishusha mizigo likarudi kinyumenyume.

Daktari Yip wa wanyama, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, aliwapokea mlangoni. "Amekula lini?"

"Haijapita saa moja."

"Mmewahi. Wengi huletwa figo zikiwa zimeshaharibika." Huku akizungumza alikuwa akimpangusa Hamai unga manyoyani. "Jani, ua, unga, hata maji ya chombo, vyote ni sumu kwa paka."

"Lakini sisi tunakula, daktari!"

"Nyinyi, ndiyo. Figo za paka hazijui mapishi yenu."

Hamai alitapishwa, akaoshwa, akawekewa dripu. Angebaki pale siku tatu.

Wai-yan alipopigiwa simu alilia hadi maneno yakampotea. "Shangazi, nimemuua!"

"Hujamuua. Mimi nimeuza mmea huo miaka thelathini, na nilijua nini? Futa machozi uje. Kuna kazi."

Mayungiyungi wakayafunga kwenye mfuko na kuyatupa, kisha wakapita duka hadi duka, kila lenye paka. Muuza uyoga alibisha: "Wangu hali majani. Yeye ni samaki tu."

"Hata wangu alikuwa hivyo mpaka leo asubuhi," alisema Suk-han, akasimama pale pale mpaka chombo kikatolewa. Kufikia jioni maduka kumi na moja yalikuwa yamebadilisha maua, mengi yakaweka okidi, ambazo daktari alisema hazina neno kwa paka.

Siku ya tatu simu ililia Suk-han akiwa anampimia mteja uduvi.

"Vipimo ni safi," alisema Daktari Yip. "Njoo umchukue, anatutukana."

Suk-han alipiga ukelele uliomfanya Pang, duka la pili, amwagie kiatu chake chai ya moto. Mteja aliachwa na mizani. Suk-han alikimbia na aproni yake kiunoni, akamkuta Hamai mguu umenyolewa, macho makali. Paka alimtazama kidogo, kisha akapenyeza kichwa kwapani mwake na kuanza kukoroma.

Wakati wa kurudi, wenye maduka walitoka milangoni.

"Anakula?" alipaza sauti muuza uyoga.

"Anakula!" alijibu Suk-han, akicheka huku machozi yakimtiririka. "Amemng'ata hata daktari!"