Watatu wa Kutoka, Watatu wa Kuingia

Katika bustani ya mji wa Las Caobas kuna kona inayoitwa Kona Moto, na sheria yake ni moja tu: hakai mtu. Ukikaa umekubali kushindwa, na kabla ya saa sita Primitivo kinyozi atakuwa ameshaitangaza habari yako kwa kila kichwa anachokinyoa. Ndiyo maana wanaume wenye magoti mabovu husimama pale saa nne nzima wakibishana juu ya besiboli, na wakirudi nyumbani hawawezi hata kuinama kuvua viatu. Hildelisa peke yake ndiye aliyeruhusiwa kukaa kwenye benchi la mawe. Yeye alishika daftari, na mwenye daftari hashindi wala hashindwi.

Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne, akastaafu, akaona maisha bila madaftari hayana ladha. Basi akaanza kuandika mechi za Wachoma Mkaa, timu ya mji: kila mpira uliorushwa, kila gongo lililokosa, na pembeni mwa ukurasa chochote kilichompitia machoni, upepo, mvua, nani kaja na kofia mpya. Watu walimcheka. Lakini wakibishana na kukwama, wote walimgeukia yeye.

Alhamisi hiyo kelele zilizidi kipimo. Wachoma Mkaa walikuwa wa pili kutoka mkiani, na kocha mpya, mtu wa kuja, alikuwa ametuma ujumbe ambao haukuwahi kutumwa tangu Kona iwe Kona: mashabiki wamletee majina ya watatu wa kutoka na watatu wa kuingia, Jumatatu asubuhi. Huenda alitania. Kona Moto haikuona utani wowote hapo.

"Wa kwanza Leudis!" alisema Primitivo, kidole chake kimekaribia kabisa pua ya Nivaldo. "Mdakaji gani yule? Si yeye ndiye anayemwagiza mtupaji arushe mpira gani? Basi kila mpira anaouagiza unapigwa mpaka barabarani! Juzi umevunja kioo cha duka la mikate!"

"Ondoa kidole, kinanuka sabuni ya ndevu," Nivaldo akamjibu. "Leudis nimemfundisha mimi tangu ana miaka tisa. Mikono anayo, kichwa anacho. Wabovu ni watupaji."

"Wiki jana ulisema wapigaji!"

"Na wapigaji nao!"

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Bwana Nivaldo, kubali tu. Mwanafunzi wako kachoka."

Nivaldo alikuwa kaka yake Hildelisa, kamzidi miaka minne. Aliwadakia Wachoma Mkaa misimu kumi na minne, mpaka magoti yalipogoma. Tangu hapo alipiga ngoma. Kila mechi ya nyumbani alikaa kiti kile kile, nyuma ya waya, hatua chache tu nyuma ya mgongo wa Leudis, na ngoma katikati ya mapaja yake. Hakuwa na mke tena, watoto walikuwa mbali, na ukimuuliza hali yake alikujibu kwa matokeo ya mechi.

"Hata wageni wananiheshimu kuliko nyinyi," akasema, akimpiga Primitivo bega. "Jumapili ile nahodha wao kaja mpaka kwenye waya kanipa biri. Nene hivi! Akaniambia, 'Mzee, tafadhali usiache kupiga.' Huyo ni adui, jamani! Nyinyi wa kwetu mnaniambia nawaumiza masikio."

"Kwani hutuumizi?"

"Haya, nasema mbele ya watu wote. Siku Leudis atakapoondolewa, ngoma yangu hamtaisikia tena. Imekwisha hiyo."

Wakaguna. Walijua hatanii.

"Mimi nina swali," Hildelisa akasema.

Walimsikiliza, maana huyu hakuwa na mazoea ya kusema.

"Ugenini tumecheza mechi kumi na tatu, tumeshinda tisa. Nyumbani tumecheza kumi na tatu, tumeshinda mbili. Wachezaji ni wale wale. Mdakaji ni yule yule Leudis. Sasa huyo Leudis mbovu, mbona ugenini habebi ubovu wake?"

"Ni joto la hapa," mmoja akasema.

"Joto lipo kisiwa kizima!"

"Ni wake zao," akasema Primitivo. "Mchezaji akilala kwake anaamka kachoka." Kicheko kikawaangusha wote mabegani mwa wenzao. "Mwalimu, hesabu zako tunaziheshimu, lakini hesabu haishiki gongo. Tupige kura."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Kumi na tisa walimtaka Leudis atoke, watano walikataa. Hildelisa aliandika jina hilo juu ya orodha kwa mkono wake mwenyewe, na hakuinua macho kumtazama kaka yake. Majina mengine waliyaahirisha mpaka Jumatatu, kwa kuwa njaa iliwashika.

Lakini swali lake halikuahirika. Alienda nalo sokoni, akarudi nalo. Mchana aliketi mezani kuchagua mchele, mawe huku, chuya kule, na daftari likiwa wazi mbele yake, mpaka akajikuta anatupa mchele na kubakiza mawe. Hapo akausukuma ungo pembeni, akawa mkweli: kilichomkaa rohoni si mchele.

Alizisoma kwanza mechi kumi na moja walizofungwa nyumbani. Hakuna kitu. Jua, mawingu, mtupaji huyu, mtupaji yule, zote sawa. Kisha akazisoma zile mbili walizoshinda, akaona kwamba kosa lake siku zote lilikuwa kusoma tarakimu tu, akaacha pembeni mwa ukurasa. Kwenye mechi ya kwanza, pembeni, kwa mwandiko wake mdogo: *Nivaldo hayupo, jino.* Kwenye ya pili: *Ngozi ya ngoma imepasuka raundi ya pili. Kimya. Namsikia mwuza karanga akikohoa.* Akarudi kwenye tarakimu. Siku hiyo, katika raundi mbili za mwanzo, wageni walipata pointi tano. Katika saba zilizofuata hawakupata hata moja.

"Ebo," akasema peke yake.

Alifurahi kwanza, asiseme mtu uongo. Ilikuwa furaha ile ile ya ubaoni, hesabu ikikubali. Labda kelele za ngoma zinawachosha watupaji wetu, akawaza. Labda zinawatia haraka. Basi tutamwomba apige polepole. Kisha akaikumbuka ile biri, nene hivi, na furaha ikamtoka. Adui hampi mtu biri kwa ajili ya kelele tu, ambazo zingemchosha hata yeye. Kuna jambo jingine, na jambo hilo wageni wanalijua, wenyeji hawalijui.

Jumapili alimvuta Primitivo akae naye, safu tatu nyuma ya Nivaldo. Mechi ilipoanza, akageuza mwili wake akakaa kaupa uwanja mgongo, uso kwa uso na mashabiki wanaokula karanga.

"Mwalimu, mchezo uko huku."

"Tazama wewe. Mimi nitasema, wewe uniambie kama ni kweli."

Mdakaji huchuchumaa, akaficha mkono katikati ya mapaja, akamwonyesha mtupaji vidole. Kimoja, mpira wa kasi. Viwili, mpira wa kupinda. Mpigaji hapaswi kujua ni upi, na hapo ndipo mchezo ulipo wote, kwa sababu mpigaji anayejua kinachokuja, hata bibi yangu mimi, angeupiga mpaka kwa mwokaji mikate.

Hildelisa alifumba macho. Ngoma ya Nivaldo ilikuwa inatembea taratibu, kisha kabla tu ya mpira kurushwa ikasema *du*.

"Kasi," akasema Hildelisa.

"Kasi," akasema Primitivo.

*Du-ku.*

"Wa kupinda."

"Wa kupinda. Umebahatisha."

*Du-ku.* "Wa kupinda." *Du.* "Kasi." *Du.* "Kasi." Ulipofika mpira wa sita Primitivo aliacha kutafuna. Kati ya mipira kumi Hildelisa alipatia tisa, na ule wa kumi ulimponyoka mtupaji mkononi ukaangukia miguuni pake. Kule mbele, mpigaji wa wageni alikuwa amesimama, kichwa kimeinama kidogo upande wa sikio, wala hana haraka.

Primitivo akavua kofia.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole. "Mwalimu, yule ni kaka yako."

"Najua ni kaka yangu."

"Atakufa."

"Wewe nyamaza tu. Mpaka kesho. Unaweza?"

"Mimi?" akasema kinyozi, na kwa sauti yake mtu angedhani ameombwa damu.

Walifungwa tisa kwa mbili. Watu walipotoka, wakimtukana Leudis kwa jina na kwa jina la mama yake, Hildelisa alishuka mpaka kwenye waya. Nivaldo alikuwa anaifuta ngoma kwa kitambaa, kwa upole, kama alivyokuwa akiwafuta watoto wake pua. Hildelisa alikaa karibu naye. Alikuwa ameandaa maneno, lakini yote yalikuwa ya ubaoni, hayakufaa.

"Kaka, nieleze jambo. Kuna mtu kituo cha pili, mpigaji ni wa mkono wa kushoto, keshakosa mara mbili. Leudis angeagiza nini?"

"Wa kupinda, chini," Nivaldo akajibu bila kufikiri. Mkono wake uliokuwa gotini ukasema *du-ku*.

"Na akiuacha upite?"

"Kasi, juu, karibu na kifua. Amshtue." *Du.*

"Unajuaje?"

"Naona kiwiko chake. Anapotoa vidole viwili kiwiko cha kulia kinacheza kidogo. Lakini hata nisipokiona, mdogo wangu! Yule mimi ndiye niliyemlea. Anachofikiri yeye, mimi nimeshakifikiri. Mtu ukidaka miaka kumi na minne, huachi. Mimi nikikaa hapa bado nadaka." *Du-ku,* ulisema mkono. *Du. Du-ku.*

Hildelisa aliweka kiganja chake juu ya mkono ule, akauzuia.

Nivaldo alitazama mikono yao miwili, akatabasamu, akitaka kuuliza kulikoni. Kisha akatazama uwanjani, pale mpigaji husimama. Akatazama ngoma. Ilimchukua muda, na ilipomfika ilimfika yote kwa pamoja.

"Ile biri," akasema.

"Ndiyo."

"Nimeivuta mpaka mwisho, Hildelisa. Nimeifurahia."

Yeye ndiye aliyelia, si kaka yake. Akamwambia kwamba anaweza kupiga kati ya raundi na raundi tu, au akakae mbali kule juu, au apige huku amefumba macho.

"Nikifumba macho nitajua tu," akasema Nivaldo. "Ugonjwa wangu hauko machoni."

Wakaibeba ngoma mpaka nyumbani, kila mtu kwa upande wake, na njiani hawakuzungumza isipokuwa kuhusu bei ya vitunguu.

Jumatatu Kona Moto ilijaa mapema, wamesimama wote. Primitivo alikuwepo, macho mekundu. Kwa ushahidi wa mkewe, usiku kucha alikuwa akigeuka kitandani na siri tumboni. Nivaldo alifika wa mwisho. Hakubeba chochote. Alipita katikati yao, watu wakimpisha wakijiandaa kwa vita, kidole cha huyu kimeshanyooka, ubishi wa yule umeshafika kooni. Akafika kwenye benchi la mawe kando ya dada yake, akakaa.

Hakuna aliyewahi kumwona Nivaldo Carrazana akikaa pale. Kidole kile kikashuka chenyewe.

"Futa jina la Leudis," akasema.

"Kura zilipigwa," mmoja akaanza.

"We, funga mdomo," akasema Primitivo. "Mwalimu, futa."

Hildelisa akafuta.

"Andika langu."

Akawaeleza yote, kiwiko, mkono, *du* na *du-ku*, na biri. Hakujitetea. Wale watu, ambao walikuwa tayari kupigania nani anajua zaidi tangu jua lichomoze, walimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, Primitivo alikohoa, akavuta suruali yake magotini, akakaa naye benchini. Kisha mwingine akakaa ukingoni. Waliokosa nafasi walikaa chini, kwenye majani, na kunyanyuka kwao baadaye kulikuwa kazi ya kusaidiana.

"Na wa pili? Wa tatu?" akauliza Hildelisa, kalamu mkononi. "Wa kuingia je?"

Primitivo akaichukua kalamu, akaifunga.

Ofisi ya kocha ilikuwa chini ya majukwaa, chumba chembamba chenye harufu ya ngozi za glovu. Kocha aliisoma orodha, akaigeuza upande wa pili, akaigeuza tena. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni tu.

"Niliomba watatu, mama. Hapa kuna mmoja." Akavuta karatasi ya kikosi, akashuka nayo kwa kidole, jina kwa jina. "Nivaldo Carrazana. Huyu mbona simwoni? Anacheza nafasi gani?"

Hildelisa alikuwa na daftari mapajani, na ndani yake maelezo yote, mechi kumi na nne za nyumbani kwa mistari na tarakimu. Angeyatoa, angemweleza taratibu kama mwanafunzi wa mbele. Na alijua atamweleza, baadaye kidogo. Lakini kwanza mtu kauliza swali, na swali lina jibu lake.

"Mdakaji," akasema.